Njia za kukimbilia Lushoto (Irente, Magamba): naomba mwongozo wa siku tatu

Mkimbia_Lami

Wakuu, salaam. Mwishoni mwa Juni tunapanda Lushoto, tuko watatu, wanaume wawili na dada mmoja. Tunaingia Alhamisi jioni na kuondoka Jumatatu, kwa hiyo tuna Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kukimbia. Wote ni watu wa lami ya Dar. Nusu marathoni tunaimaliza kwa saa mbili, wengine chini kidogo, wengine juu kidogo, lakini mwinuko mkubwa tuliouzoea ni Daraja la Kigamboni.

Nataka kujua njia zipi zinafaa kwa wageni kama sisi, kilomita 10 hadi 20 kwa siku. Tuna wiki tano za maandalizi. Je, viatu vya lami vitatosha au tutafute vya porini? Msituni Magamba kuna kibali? Na hiyo hewa nyembamba ya mlimani inasumbua kiasi gani?

---

Mgosi_wa_Yoghoi

Karibuni sana. Nianze na hewa, maana kila mtu wa pwani huanza na hilo. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu wa Magamba unaanzia karibu 1,650 ukapanda hadi 2,300 hivi. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida ni habari ya mita 2,500 kwenda juu, kwa hiyo huo usiwanyime usingizi. Mtakachokiona ni pumzi kuisha mapema na mapigo ya moyo kupanda kwa mwendo ambao Dar ni wa kupiga soga. Dawa yake ni kuacha kuangalia dakika kwa kilomita. Siku mbili za mwanzo kimbieni kwa kipimo cha mdomo: ukishindwa kutamka sentensi nzima, tembea.

Kinachowamaliza wageni hapa ni kushuka. Panga siku zako kwa mita za mteremko, si kwa kilomita.

Ijumaa nendeni Irente. Kutoka mjini mnapita Yoghoi, mnapita shamba la Irente, mnafika ukingoni. Ni kilomita 5 hadi 6 kwenda kutegemea mmelala wapi, na kurudi ni njia ileile. Sehemu kubwa ni barabara ya vumbi, kwa hiyo ni siku nzuri ya kuzoesha miguu na mapafu kwa pamoja. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla. Chini yenu kuna tambarare ya Mazinde yenye mashamba ya mkonge, karibu mita 1,000 chini. Miamba ya pale haina uzio wa maana, na asubuhi za Juni hulowa umande na ukungu. Simameni angalau hatua tatu kutoka ukingoni, na picha za kurukaruka fanyieni kwenye nyasi. Bebeni pesa ndogondogo, maana noti ya elfu kumi asubuhi vijijini haina chenji.

Msitoke kabla ya saa tatu kama shida yenu ni mandhari. Juni hadi Agosti ukungu hukaa mpaka saa nne, siku nyingine zaidi, na mtafika ukingoni mkatazama pamba tupu.

Jumamosi ndiyo Magamba. Kibali ni lazima: ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, na Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, hivyo bebeni vitambulisho. Lipeni Ijumaa mchana. Mtandao wa malipo ukigoma Jumamosi saa moja asubuhi mtakaa getini mkipoa. Ndani ya msitu chukueni mwongozaji, na siku mnayompata mwambieni wazi kwamba mnakimbia. Wengi ni watembeaji hodari wa saa sita mfululizo, ila hawakimbii, na si kosa lao kama hamkusema.

Kuhusu mpangilio wa siku hiyo: kutoka mjini hadi kijiji cha Magamba ni kilomita 8 hivi, kupanda karibu mita 300. Pandeni kwa miguu, zungukeni msituni kilomita 6 hadi 8, kisha rudini mjini kwa bodaboda. Msishuke kwa miguu. Mapaja yenu ya lami yatawashukuru Jumapili.

Jumapili zungukeni vijia vya mashamba upande wa Ubiri, kilomita 7 au 8 za taratibu.

---

Soli_na_Kamba

Nakubaliana na mgosi kwa njia, mimi niongeze viatu.

Barabara ya Irente ikiwa kavu, viatu vya lami vinatosha. Magamba havitoshi. Udongo wa Usambara ni mfinyanzi mwekundu, na ndani ya msitu haukauki hata kiangazi kwa sababu jua haliufikii na majani yaliyooza yanatunza maji. Soli ya lami ina mifereji myembamba. Udongo unajaa humo ndani ya hatua ishirini, na baada ya hapo unakimbia juu ya sahani ya tope. Tafuteni soli yenye meno ya milimita 4 hadi 5 yaliyoachana, angalau upana wa kidole kati ya jino na jino, ili tope lidondoke lenyewe kila mguu unapokunjika. Meno marefu zaidi ya hapo yanafaa tope la masika tu. Kwenye barabara ngumu yanachosha vigimbi. Na msije na njumu za mpira. Vinundu vyake ni vigumu, kwenye jiwe lililolowa vinateleza kama sabuni.

Wengi tunanunua mitumba na hakuna ubaya, ila kagua hivi. Kunja kiatu: kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo kimekufa. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi midogo, imeshalala haitaamka. Kisha ingiza ukucha pale soli inapoungana na ncha ya mbele, uvute. Gundi iliyokaa kwenye kontena na maghala miaka mingi huachia ikikutana na maji, na soli inabanduka kilomita ya nne ukiwa katikati ya msitu. Ukishanunua, kiloweshe ndoo nzima, ukimbie nacho kikiwa kibichi mara mbili kabla ya safari. Kama ni cha kubanduka, kibandukie Dar.

Ukubwa: simama kwenye ngazi ukielekea chini. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu kubaki upana wa kidole gumba. Kucha nyeusi hutokana na mguu kusogea mbele kila hatua ya mteremko na kugonga ncha, kwa hiyo kiatu kikubwa peke yake si dawa, lazima kisigino kifungwe. Fungeni kamba hivi: mkifika tundu la mwisho la juu, msivushe kamba upande wa pili. Ingizeni kila ncha kwenye tundu la mwisho la upande wake ili libaki kitanzi kidogo. Kisha pitisheni ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye cha kulia. Vuteni kuelekea kisigino, siyo juu, halafu fungeni kama kawaida. Kucha za miguu zikateni siku mbili tatu kabla ya safari, maana iliyokatwa usiku wa kuamkia hubaki na kona kali inayochoma soksi.

---

Daktari_Miguu

Swali la wiki tano ni zuri kuliko la viatu, samahani Soli.

Misuli ya mbele ya paja inaposhuka inafanya kazi huku ikinyooshwa, inapiga breki kila hatua. Lami ya Dar haikuwahi kuiomba kazi hiyo. Matokeo ni maumivu yanayofika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye, yaani ukishuka ovyo Ijumaa, Jumapili utashuka ngazi za gesti kinyumenyume.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza haraka. Zoezi moja kali la kushuka huacha kinga ya wiki kadhaa. Kwa hiyo nendeni milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, mara tatu: wiki ya kwanza, ya tatu, na siku kumi kabla ya safari. Tafuteni mteremko wa mita 200 hadi 300. Pandeni kwa kutembea haraka, shukeni mkikimbia, mara sita. Safari ya pili nane, ya tatu kumi. Baada ya hapo msifanye tena, acheni mapaja yapone. Katikati ya wiki pandeni na kushuka ngazi za jengo refu dakika 20.

Namna ya kushuka: hatua fupi na za haraka, 170 hadi 180 kwa dakika, magoti yakiwa yamelegea. Macho mita tatu hadi nne mbele, siyo kwenye ncha ya kiatu. Kosa la kawaida ni kuegemea nyuma kwa woga. Ukiegemea nyuma, kisigino kinatangulia mbele ya mwili, uzito wote unatua juu yake na kinateleza. Kiwiliwili kikae wima juu ya miguu. Penye mwinamo mkali geuka ubavu, ushuke kama kaa.

Msimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya kukimbia. Najua ni desturi. Inaficha maumivu yanayokuonya, na ukiwa umepungukiwa maji inazielemea figo.

Kifundo kikiteguka msituni: kama unaweza kukanyaga hatua nne, usivue kiatu, kwa sababu kitavimba na hakitarudi. Kazeni kamba, fungeni bandeji ya kunyumbuka juu ya kiatu kwa umbo la nane, mtoke mkitembea. Kama hawezi kukanyaga kabisa, msimkokote. Mmoja abaki naye na nguo zote za joto, mwingine aende na mwongozaji mpaka penye mtandao. Mabonde ya Magamba simu hukatika, hivyo kabla ya kuingia angalieni ni wapi laini ya mwisho imeshika. Namba ya dharura ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114.

---

Mkimbia_Lami

Nimeshiba elimu. Maswali mawili tu: maji tunayatoa wapi, na tunajuaje tutatumia muda gani? Tukisema kilomita 16 Dar ni saa moja na nusu.

---

Mgosi_wa_Yoghoi

Muda: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama mita 800 za tambarare. Mjini hadi Magamba, kilomita 8 na mita 300 za kupanda, ni sawa na kilomita 10.4. Msituni ongezeni theluthi nzima kwa ajili ya mizizi, tope na picha. Kwa mwendo wenu ile siku ya Jumamosi ni saa mbili na nusu hadi tatu. Anzeni saa mbili asubuhi mkiwa na tochi ya kichwani hata kama mnaona ni ujinga. Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na bonde huwa giza mapema kuliko kilele.

Maji: kila mtu lita 1 na nusu kwa Magamba, nusu lita hadi mililita 600 kwa saa. Baridi inadanganya, hutasikia kiu. Kwenye nusu ya maji tieni chumvi chumvi ya dukani ya kuzuia upungufu wa maji, pakiti moja kwa lita moja kamili, msizidishe.

Sasa sikilizeni hili kuhusu vijito. Mabonde ya Lushoto ni mashamba ya kabichi, karoti, nyanya na viazi mviringo, yanapigwa dawa na kuwekwa mbolea. Klorini inaua vijidudu, haiondoi dawa ya nyanya. Kijito kilichopita shambani msinywe hata mkikitibu. Kilicho ndani ya msitu, juu ya mashamba yote, kinatibika. Na vidonge vingi vya maduka ya dawa vimepimwa kwa ndoo ya lita 20. Kidonge kimoja kwenye chupa ya lita moja ni sumu ya ladha na tumbo. Someni pakiti, subirini dakika 30, au nunueni maji Magamba kijijini na mmalize mjadala.

---

Ramani_Mkononi

Naongeza la kupotea, maana halijaguswa.

Usambara vijia ni vingi kupita kiasi. Kila shamba lina njia yake, kila njia inagawanyika, na nyingine inaishia kwenye choo cha mtu. Pakueni ramani za OsmAnd au Organic Maps (programu za ramani za simu) nyumbani kwa intaneti ya uhakika, na mzijaribu simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Msituni chini ya miti mikubwa nukta ya ramani inayoonyesha mlipo huruka mita 20 au 30, hivyo kwenye njia panda tembeeni mita 50 kisha ndiyo muangalie mko upande gani.

Kuuliza pia kuna namna. Ukimuuliza mzee "Hii inaenda Magamba?" atakujibu ndiyo, kwa adabu, na pia kwa sababu njia zote mwishowe zinafika Magamba. Uliza "Ya Magamba ni ipi?" umwachie aonyeshe mkono. Na usiulize umbali kwa kilomita, uliza anatumia muda gani yeye akiwa na mzigo.

Msikate kona kwenye mashamba. Yale majani yaliyopandwa ukingoni mwa matuta ndiyo yanayoshika udongo. Wakimbiaji watatu kukanyaga ukingo mmoja, mvua ya kwanza inafungua mfereji, tuta linaondoka na karoti za mtu.

Barabarani, magari yetu yanakwenda kushoto, hivyo kimbieni kulia mkiyatazama usoni, isipokuwa kwenye kona kipofu inayopinda kulia: pale vukeni upande wa nje ili dereva awaone mapema, kisha rudini. Bodaboda zinashuka zikiwa zimezima injini kuokoa mafuta, hamtazisikia. Barabara ya Soni kwenda Mombo msiikimbie kabisa. Mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na pembeni hakuna pa kukanyaga.

---

Bi_Vigimbi

Kwa huyo dada. Suruali ya kubana haina tatizo ukivaa juu yake kaptura pana au fulana ndefu inayofunika makalio. Vijijini utapita madrasa, makanisa na wazee vibarazani, na kaka zako nao wasikimbie vifua wazi. Beba kanga nyepesi: ni sitara ya haja, ni shuka ukipoa, ni kombeo la mkono ukianguka. Ukimkuta mzee punguza mwendo, toa shikamoo, subiri marahaba, ndipo uendelee. Anayepita mbio bila salamu huulizwa amekimbizwa na nani.

Mbwa wa mashambani: acha kukimbia, simama, inama kama unaokota jiwe. Tisa kati ya kumi hapo ndipo mazungumzo yanapoishia. Siafu wakikatiza njia, ruka mbali na uendelee mita kumi kabla ya kusimama kujikagua. Anayesimama palepale kuangalia ndiye anayevuliwa soksi. Kwenye vichaka vya chini, miteremko ya upande wa tambarare, asubuhi kifutu huota jua katikati ya njia na hakimbii kama nyoka wengine, kwa hiyo macho mbele.

Usiku wa Juni joto linacheza karibu na nyuzi 10, na Magamba linashuka zaidi. Jasho likikauka mwilini juu ya mlima unatetemeka ndani ya dakika tano. Fulana kavu kwenye mfuko usiopitisha maji, si kwenye mfuko wa begi tu.

---

Kasi_Mpya

Mbona hakuna aliyetaja njia ya Irente kushuka Mazinde? Ndiyo tamu kuliko zote. Ijumaa washuke hiyo, warudi kwa gari kupitia Mombo.

---

Daktari_Miguu

Karibu mita 1,000 za kushuka, siku ya kwanza, kwa watu wa Daraja la Kigamboni? Halafu Jumamosi wapande Magamba kwa mapaja gani?

---

Mgosi_wa_Yoghoi

Kasi ana hoja, amekosea siku tu. Iwekeni Jumatatu, siku ya kuondoka, na mkifika chini mko barabara kuu tayari.

Mabegi makubwa myatangulize kwa mtu mliyemwamini au kwa gari la asubuhi hadi Mombo, mwachiwe mahali mlipokubaliana kwa simu. Ukingoni Irente muwe mmefika saa moja, na mwongozaji, kwa sababu njia haianzii pale watu wanapopigia picha na juu kuna sehemu za mwamba ambapo kukosea njia ni kukosea kweli. Nusu ya juu tembeeni, mawe yamelegea na yakisogezwa yanamwendea aliye chini, hivyo achaneni mita kumi na msishuke mstari mmoja wa moja kwa moja. Nusu ya chini ndiyo ya kukimbia. Joto linabadilika sana: juu mtavaa koti, Mazinde saa nne ni jua la mkonge. Lita mbili kila mtu, kofia, na maji ya mwisho msiyamalize kabla ya kuiona lami. Ukungu ukiwa mzito asubuhi hiyo, au kama imenyesha usiku, ahirisheni mpande gari la Mombo kama watu wengine.

---

Mkimbia_Lami

Tumekubaliana: Irente, Magamba kwa miguu na kurudi kwa boda, Ubiri, kisha Mazinde kama hakuna ukungu. Jumamosi hii tunaanza Pugu. Mgosi, huyo bodaboda wa Magamba tumpange kabla au tunamkuta?

---

Mgosi_wa_Yoghoi

Kijijini mtawakuta, lakini mpangeni mmoja tangu Ijumaa, awabebee nguo kavu na chakula hadi Magamba asubuhi na awasubiri saa mnayokubaliana. Bei mkubaliane ya safari zote mbili na kusubiri kwa pamoja, nusu mlipe mwisho. Ninyi watatu ni pikipiki tatu, siyo moja.